Waquaker: unapingaje vita wakati jirani yako anapigania uhuru wake?

Mwanakijiwe_Kinondoni (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Jumamosi ijayo kuna mjadala wa vijana wa kidato cha tano na sita huku Kinondoni, watu kama 25, muda ni saa mbili. Mada ni Waquaker, yaani Jumuiya ya Marafiki, dhehebu la Kikristo, na msimamo wao kuhusu vita na ubaguzi wa rangi. Rasimu yangu inasema hivi:

1. Walipinga utumwa tangu mwanzo.
2. Kupinga vita kwao maana yake ni kukaa pembeni, hawapigani basi.
3. Hapa ndipo nimekwama. Dar hii ndiyo iliyowapokea wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, imezaliwa hapa Juni 1962, Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ikaweka makao yake hapa mwaka 1963, Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, kauawa hapa hapa kwa bomu Februari 1969. Sasa mtu anayesema "bunduki hapana" alikuwa na lipi la kumwambia kijana wa Msumbiji ambaye kijiji chao kimechomwa moto na askari wa Mreno? Na Idi Amin alipotuvamia Kagera 1978 je?

Naomba pia mnieleze jinsi ya kuendesha kikao kwa mtindo wao. Mawaidha ya jumla kuhusu amani ninayo tele, nataka majina, miaka na hatua.

---

MzeeMaktaba

Mkuu, nukta ya kwanza ifute kabisa, vijana wakiingia mtandaoni watakuumbua. Waquaker wengi wa mwanzo huko Amerika walimiliki watumwa. William Penn mwenyewe, mwanzilishi wa Pennsylvania, alikuwa nao.

Mpangilio sahihi ni huu. Mwaka 1688 Marafiki wanne wa Germantown, karibu na Philadelphia, akiwemo Francis Daniel Pastorius, waliandika waraka wa kupinga utumwa. Waliupeleka kwenye mkutano wao wa mwezi, wakaambiwa jambo ni zito, lipelekwe mkutano wa robo mwaka. Robo mwaka nao wakasema ni zito, liende Mkutano wa Mwaka. Mkutano wa Mwaka ukaliweka kando. Karatasi yenyewe ikapotea, ikaja kuonekana tena mwaka 1844. Nadhani kila aliyewahi kufuatilia barua ofisini anaujua mzunguko huo.

Ndani ya waraka ule kuna swali linaloigusa moja kwa moja nukta yako ya tatu. Waliuliza: watumwa wakiungana wakapigania uhuru wao, ninyi mnaosema hampigani mtashika upanga kuwarudisha utumwani? Na je, wao hawana haki ya kupigania uhuru sawa na haki mnayodai ninyi ya kuwashikilia? Mwaka 1688 huo. Kwa hiyo fumbo lako la Dar halikuanzia Dar.

Kutoka hapo hadi mwaka 1776, Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia ulipokataza mwanachama yeyote kumiliki mtu, ni miaka 88. Kwa nini muda wote huo? Kwa sababu Waquaker hawapigi kura. Jambo halipiti mpaka kikao kizima kifike mahali pamoja, na matajiri wenye watumwa walikaa viti vya mbele. Utaratibu uleule unaowalinda wanyonge wachache kwenye kikao uliwalinda pia wamiliki. Hili waambie vijana bila kupunguza.

Kilicholisogeza jambo ni kazi ya mguu kwa mguu. Benjamin Lay mwaka 1738 aliingia Mkutano wa Mwaka kule Burlington amebeba kitabu chenye kibofu cha maji mekundu ya matunda pori ndani yake, akakichoma kwa upanga, waliokaa karibu wakarukiwa na "damu". Walimtoa nje. John Woolman (1720–1772) alipita njia tofauti kabisa. Alikuwa akiandikia watu hati na wosia, akakataa kuandika wosia unaomrithisha mtu mtumwa. Akilala nyumba yenye watumwa, alitoa fedha ili wale waliomhudumia walipwe jasho lao, na mwenyeji akabaki bila pa kuuficha uso. Mwaka 1758 Mkutano wa Philadelphia ukaamua mambo mawili: anayenunua au kuuza mtu asiketi tena kwenye vikao vya maamuzi wala mchango wake usipokelewe, na kamati, Woolman akiwemo, ipite nyumba kwa nyumba kuzungumza na wamiliki. Kwanza mazungumzo ya uso kwa uso, halafu kubanwa hatua kwa hatua, mwishowe kufutwa uanachama.

Kukataza utumwa hakukufuta ubaguzi. Katika karne ya 19 jumba lao la ibada la Arch Street, Philadelphia, lilikuwa na benchi la watu weusi peke yao. Sarah Mapps Douglass, mwalimu mweusi, alikaa benchi hilo na mama yake na baadaye akaandika waziwazi jinsi lilivyomuumiza. Shule ya Sidwell Friends ya Washington ilianza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1956 tu.

---

BintiUpanga

Naongezea la kwetu, maana watu hudhani Waquaker ni habari ya Marekani tu. Walifika Pemba. Amri ya Sultani ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria ilitoka tarehe 6 Aprili 1897, na mwaka huohuo Marafiki wa Uingereza walituma watu wao, Theodore Burtt akiwa mmojawapo. Wakanunua shamba la mikarafuu Banani, upande wa Chake Chake.

Kwa nini shamba na si kanisa kwanza? Kwa sababu ya kasoro ya amri yenyewe. Mtumwa hakuwa huru moja kwa moja, ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru, na bwana wake akalipwa fidia. Aliyeachiwa hakupewa chochote. Masuria waliachwa nje ya amri mpaka 1909. Kwa hiyo mtu alitoka mahakamani na karatasi ya uhuru bila pa kulala wala pa kulima. Banani ilitoa makazi na kazi ya ujira.

Kabla ya kusifu, jiulize: huyo mtu huru alirudi kuchuma karafuu zilezile, safari hii chini ya Mzungu anayemfundisha "nidhamu ya kazi". Ardhi haikuwa yake. Kwa maoni yangu mfano huu ni mzuri kwa vijana kuliko ule wa Philadelphia, maana wanaweza kuona nia njema na mipaka yake mahali wanapopajua.

Kenya ni hadithi tofauti. Misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ilianzishwa mwaka 1902 na Wamarekani watatu, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani. Wao wana wachungaji, kwaya na mahubiri. Ukiwaambia vijana kwamba Waquaker wote hukaa kimya saa nzima, mwenye shangazi Vihiga, ndiko Kaimosi iliko, atakucheka.

---

Mpambanaji_Temeke

Samahani wakuu, mimi naona hii ni amani ya mtu aliyeshiba. Ni rahisi kukataa bunduki kama si wewe unayepigwa. Nyerere alijaribu maneno kwanza, Azimio la Lusaka la 1969 lilisema wazi kwamba tungependa kuzungumza kuliko kuua, lakini njia ya amani ikizibwa hatuna budi kuwaunga mkono wanaopigana. Waquaker walifanya nini zaidi ya kusali?

---

KitabuWazi

Swali la haki kabisa, ndugu Mpambanaji. Linajibu pia nukta ya pili ya mleta mada, maana "kukaa pembeni" si maelezo sahihi.

Tuanze na kukataa vita kulivyokuwa kwa vitendo. Uingereza ilipoleta sheria ya kulazimisha jeshi mwaka 1916, Waquaker na wenzao walipigania kiwekwe kifungu cha dhamiri. Mtu alikwenda mbele ya baraza la wilaya yake. Baraza lilikuwa na majibu manne: kukataliwa kabisa, kuingizwa kikosi cha jeshi kisichobeba silaha, kupewa kazi mbadala ya kiraia, au kusamehewa moja kwa moja, na hilo la mwisho lilikuwa nadra. Kasoro ilikuwa kwenye wajumbe. Wengi walikuwa wakubwa wa mtaa wasiojua sheria, na palikaa mwakilishi wa jeshi anayehoji. Aliyekataliwa alihesabiwa askari papo hapo, akikataa kuvaa sare anashtakiwa kijeshi. Watu 35 walipelekwa Ufaransa mwaka huo wakahukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 10 cha kazi ngumu. Hao si watu walioshiba.

Na si Waquaker wote walikataa. Takriban theluthi moja ya vijana wao wa Uingereza wenye umri wa jeshi walijiunga. Wengine walianzisha kikosi cha wagonjwa mwaka 1914, wakabeba majeruhi mstari wa mbele bila silaha. Kulikuwa na ugomvi ndani kwa ndani: mkali alisema ukimfunga askari bandeji ili arudi kupigana umeshaingia vitani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861, ndivyo vilivyowabana zaidi, kwa sababu vita vile vilikuja kuwa vita vya kufuta utumwa. Imani mbili zao ziligongana uso kwa uso. Vijana wengi walivaa sare za Kaskazini, na baadhi ya mikutano haikuwafukuza waliporudi.

Sasa Dar. Majina mawili uyaandike, mleta mada.

Bayard Rustin (1912–1987), mweusi, Mquaker, alilelewa na bibi yake huko Pennsylvania. Kwenye Vita Kuu ya Pili angeweza kupata nafasi ya kambi za kazi za kiraia zilizosimamiwa na makanisa ya amani, ambako walikwenda wanaume kama 12,000 bila mshahara. Alikataa hata hiyo, kwa hoja kwamba asiye na dini alinyimwa haki ileile. Akafungwa zaidi ya miaka miwili tangu 1944, na gerezani akaanza kupinga kutenganisha wafungwa kwa rangi.

Bill Sutherland (1918–2010), Mmarekani mweusi, naye alifungwa kwa kukataa vita hivyohivyo. Akahamia Ghana mwaka 1953, halafu Dar, akaishi hapa miaka mingi. Baadaye akawa mwakilishi wa Kusini mwa Afrika wa AFSC, shirika la huduma la Waquaker wa Marekani lililoanzishwa 1917 na kupata Nobeli ya Amani mwaka 1947 pamoja na wenzao wa Uingereza.

Mwaka 1962 hawa wawili walikuwa Dar na kundi lililoitwa World Peace Brigade, lililoundwa muda mfupi kabla huko Brummana, Lebanoni. Mpango wao: Kenneth Kaunda na chama chake cha UNIP wakiitisha mgomo mkuu Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), maelfu ya watu waandamane kutoka Tanganyika wavuke mpaka bila silaha, ili serikali ya walowezi ya Welensky ichague kati ya kuwapisha na kuwapiga mbele ya dunia. Maandamano hayakufanyika, kwa sababu katiba ilirekebishwa na UNIP ikaingia uchaguzi wa Oktoba 1962. Miaka miwili baadaye Zambia ilikuwa huru. Mtu anaweza kusema tishio la maandamano lilisaidia, mwingine akasema lingekuja tu, lakini kusema hawakufanya kitu ni kukosea.

Baadaye njia hiyo ilizibwa kweli. Kwa Mreno hapakuwa na uchaguzi wa kuingia. Sutherland hakugeuka kuwa mtetezi wa bunduki, na hakukaa kuwahubiria FRELIMO waziweke chini. Kazi aliyoibeba ni ile ambayo Mmarekani angeweza kuifanya: kuwasikiliza waliokuwa hapa Dar, kupeleka sauti zao Marekani, na kubana fedha na siasa za huko zilizoilisha serikali ya makaburu. AFSC ililaumiwa na pande zote mbili kwa hilo. Baadhi ya Waquaker waliona imewaegemea mno wapiganaji, na baadhi ya wapiganaji waliona ni maneno tu.

Mimi binafsi naona huo ndio msimamo wao wenye nguvu: mimi sitaua, lakini simpangii anayekandamizwa namna ya kupigania uhai wake, ninachokata ni msaada wa kwetu kwa anayemkandamiza.

---

Mpambanaji_Temeke

Hapo nimekuelewa kwa Msumbiji. Kagera hujajibu. Amin alivuka Oktoba 1978, akatangaza eneo lote mpaka Mto Kagera ni lake. Ungefanya nini?

---

KitabuWazi

Siku vifaru vinavuka, Mquaker hana jibu la kuvisimamisha, na wanaowajua hawadai kwamba lipo. Kazi yao iko kabla na baada. Nigeria 1967–1970, wakati wa vita vya Biafra, jimbo lililojitenga, walikuwa na timu ya watu watatu, Adam Curle, Walter Martin na John Volkmar, wakienda pande zote mbili. Masharti ya kazi hiyo ni magumu kuliko yanavyosikika: hutoi habari kwa magazeti, huji na mpango wako mfukoni, unafikisha maneno ya upande mmoja kama yalivyosemwa bila kuyapaka sukari, na hukati safari hata ukionekana huna faida.

Udhaifu wake ni kwamba usuluhishi unawachukulia wawili kuwa sawa. Kwa majirani wawili wanaogombana sawa. Kwa mkoloni na mtawaliwa, kumsikiliza kila mmoja "kwa usawa" ni kumpa mkoloni alichokuwa anakitaka.

Mfano wa Afrika Kusini unaonyesha shida hiyo kwenye sheria. Vijana Wazungu walilazimishwa jeshi. Sheria ya 1983 ilimkubali anayesema dini yake inakataza vita vyote, akapewa utumishi wa kiraia mara moja na nusu ya muda wa jeshi, hadi miaka sita. Aliyesema "mimi sikatai vita vyote, nakataa jeshi la ubaguzi" hakutambuliwa, alikabiliwa na kifungo cha hadi miaka sita. Yaani mwenye amani ya jumla serikali ilimvumilia, mwenye hoja ya rangi ikamfunga. Weka hilo mbele ya vijana uone.

---

Mwanakijiwe_Kinondoni (mleta mada)

Shukrani wakuu, nukta zote tatu naziandika upya. Limebaki la kuendesha kikao. Hapa kuna mafundi wa kubishana, nahofia ukimya utageuka kicheko.

---

Karani_Msasani

Utageuka kicheko ukiwapa dakika 10 mara ya kwanza. Kwa vijana 25 anza na dakika tatu, waambie mapema ni tatu, na mmoja ashike saa.

Usiwaweke kama darasani. Viti kwa duara, moja tu, bila meza. Chagua karani na mwandishi. Karani haongozi kwa maoni yake, kazi yake ni kusikiliza na kusema anachoona kikao kimefikia. Kanuni nne zinatosha: unasema mara moja mpaka wengine wapate nafasi, unamsemesha karani na si mwenzako, baada ya kila msemaji panapita ukimya wa pumzi chache, na hakuna makofi. Hiyo ya makofi ndiyo watakayoivunja kwanza, na ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu makofi ni kura.

Lete swali moja linaloamulika. "Vita ni vibaya?" halina mwisho. Bora hili: "Sisi tukiwa kikundi cha Dar mwaka 1970, tumeombwa mchango wa fedha na chama cha ukombozi. Tunatoa? Kwa sharti gani?" Waquaker walikutana kweli na maswali ya aina hii.

Muhtasari unaandikwa palepale, wakati watu wamekaa. Karani anasoma rasimu ya sentensi mbili tatu, anauliza kama ndivyo. Mtu akiona sivyo anasema, inaandikwa upya, inasomwa tena. Asiyekubali ana njia tatu: kusema ana shaka lakini hazuii, kuomba jina lake liandikwe kuwa hakubaliani, au kusema hawezi kukiacha kikao kiendelee. Hiyo ya tatu ikitumika, jambo linaahirishwa. Usiogope, kuahirisha ni matokeo halali. Ila karani awe macho na kilekile alichokisema MzeeMaktaba: anayezuia ni mwenye dhamiri, au ni mwenye maslahi? Amuulize mbele ya wote atapoteza nini uamuzi ukipita.

Kwa muda: dakika 25 za historia, tatu za ukimya, 60 za kikao, 20 za kujadili utaratibu wenyewe. Zinazobaki zitaliwa na kuchelewa, si unaijua foleni ya Jumamosi.

Mkipenda kuendelea baadaye, ulizia mafunzo ya AVP (Alternatives to Violence Project), ya kutatua ugomvi bila ukatili. Yalianza mwaka 1975 gereza la Green Haven, New York, pale wafungwa wenyewe walipowaomba Waquaker wa jirani wawasaidie kuzungumza na vijana. Ngazi ya kwanza ni siku tatu hivi, washiriki wasizidi 20, wawezeshaji wawili hadi wanne, kila mtu anajiita kwa sifa njema mbele ya jina lake, na yeyote anaweza kusema "napita" bila kuulizwa. Kenya magharibi yalitumika sana baada ya ghasia za uchaguzi za 2007–2008. Kule Marafiki walianza na chakula na mablanketi kwa waliokimbia, wakaketi kusikiliza kila upande peke yake, ndipo wakawakutanisha. Anayeruka hatua ya pili hukusanya watu wanaokodoleana macho.

---

BintiUpanga

Kama kuna vijana wanaopenda kupanga mambo, waonyeshe pia kazi ya Rustin kwenye maandamano ya Washington, 28 Agosti 1963, watu kama 250,000. Aliyapanga kwa takriban miezi miwili. Polisi weusi wa New York walijitolea kulinda utulivu bila bunduki. Mwongozo wa washiriki uliwaambia hadi aina ya mkate wa kubeba: siagi ya karanga na jamu, wasiweke mayonezi kwa sababu huharibika kwa joto na watu wataugua. Ghasia nyingi huanza na njaa, kiu na kukosa choo, na aliyakagua yote matatu.

---

MzeeMaktaba

La mwisho kwa mwandishi wa ubao. Tamko lao maarufu la kukataa silaha, walilompelekea Mfalme Charles II, utalikuta kwingine limeandikwa 1660 na kwingine 1661. Yote ni sahihi. Lilitolewa Januari, na Uingereza ya wakati ule mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, hivyo kwao Januari ilikuwa bado 1660. Andika 1660/61, mwalimu wa historia asikushike.